Bahasha Moja Kabla ya Juni 30

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika baraza la wakazi, Masara



Nimekuja na bahasha hii ya kaki. Ukiwa na karatasi zilizomo, kuwasilisha ritani ya ushuru ni kazi ya muda mfupi. Ukikosa moja tu, utapanda gari kwenda Migori mjini na kurudi mara mbili.

Kwanza tuelewane. Ushuru wa mapato hukusanywa na KRA, ambayo ni ya serikali ya kitaifa. Leseni ya biashara mnayolipia kaunti ni jambo lingine. Kuitundika dukani hakumaanishi umewasilisha ritani. Ritani inahusu mapato ya Januari hadi Desemba ya mwaka uliopita, na siku ya mwisho ni Juni 30. Ukichelewa, faini ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kutegemea kilicho kikubwa.

Sasa tufungue bahasha.

Ya kwanza ni PIN yako ya KRA, pamoja na nambari ya siri ya iTax. Nambari hiyo itunze kama ile ya M-Pesa. Usimwachie kijana wa saiba.

Ya pili, kwa aliyeajiriwa, ni fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri. Inaonyesha mshahara wa kila mwezi na ushuru uliokatwa. Kama mwaka jana ulibadilisha kazi, unahitaji P9 mbili. Usingoje Juni kuiomba, kwa sababu mwajiri wa zamani huenda asishike simu.

Ya tatu ni vyeti vya kukupunguzia mzigo. Mwenye bima ya maisha alete cheti kutoka kwa kampuni ya bima. Nafuu yake ni asilimia 15 ya malipo, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka. Anayelipa mkopo wa nyumba alete cheti cha riba kutoka benki. Mwenye ulemavu aliyepewa cheti cha msamaha na KRA asikiache nyumbani, kwani Sh150,000 za kwanza za mapato yake kila mwezi hazitozwi ushuru.

Ya nne ni ya wafanyabiashara, iwe ni duka, mashine ya kusaga au ununuzi wa dhahabu. Leteni kitabu cha mauzo, taarifa ya M-Pesa na ankara za eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi, isipokuwa zile zilizosamehewa na sheria. Kama mauzo yako ni kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka, kuna ushuru wa mauzo wa asilimia 3, unaowasilishwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Kuna kosa moja linalowaumiza wengi. Mtu anaingia saiba bila karatasi, anaulizwa, "Nikuwekee sifuri?" naye anakubali. Ritani ya sifuri ni ya mwenye PIN ambaye hakuwa na mapato yoyote mwaka huo. Mlinzi anayelipwa Sh20,000 hakatwi ushuru wa mapato, kwa sababu nafuu ya Sh2,400 kwa mwezi inaumaliza wote. Lakini ana mapato, na ritani yake ni ya P9. Mwajiri ameshapeleka takwimu zake KRA. Ukiandika sifuri, maelezo yenu hayatalingana, na atakayeulizwa ni wewe, si wa saiba.

Vijana, nanyi sikilizeni. Wengi mlichukua PIN kwa ajili ya mkopo wa HELB au kuomba kazi, kisha mkaisahau. Mimi pia niliisahau yangu nilipomaliza chuo, nikaja kukuta faini zikiningoja siku niliyohitaji cheti. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini anayeomba huulizwa cheti cha KRA cha kuonyesha kwamba hana deni la ushuru wala ritani. Cheti hicho hutolewa bure, ila aliyeruka ritani hakipati hadi arekebishe. Usipoteze zabuni ya kushona sare au kukarabati barabara kwa sababu ya ritani ya sifuri ambayo ingekuchukua dakika chache.

Ukikwama, nenda Huduma Centre Migori ukiwa na kitambulisho na bahasha yako. Ukimaliza, chapisha risiti ya iTax uirudishe humo humo, kisha uihifadhi kwa miaka mitano. Sheria inakutaka ufanye hivyo, na siku ukiulizwa, karatasi hizo ndizo zitakazokutetea.

Leo jioni, kabla ya kulala, tafuteni bahasha na mwandike mwaka juu yake.