Tippu Tip tumuweke wapi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa kartie Mapendo, Goma



Nimeombwa kusema juu ya mtu aliyekufa Zanzibar mwaka 1905. Najua kuna wanaojiuliza moyoni: maji ya bomba yanatoka kwa bahati, kazi hakuna, na huyu anatuletea maneno ya 1905? Mimi nilisoma historia. Niko na lisanse, na tangu nimalize masomo ninauza unite za simu kando ya barabara. Basi muache ile lisanse nayo ifanye kazi leo, hata kama ni kwa nusu saa.

Mnajua mazungumzo haya yametoka wapi. Tunataka kuchora ukuta. Lumumba hakuleta fujo, Kimpa Vita hakuleta fujo, Simon Kimbangu watu walipiga makofi. Halafu kamarade mmoja akasema tumuongeze Tippu Tip, kwa sababu alikuwa sultani, alikuwa Mwislamu na Waislamu hawana mtu wao pale ukutani, alipigana na Wabelgiji, na ametuachia Kiswahili. Mwingine akasimama akajibu, nayarudia maneno yake kama alivyoyasema: “Ule njo aliuzisha ba nkambo betu. Na batukulu bake bangali hapa, banasali siku ya tano.” Kuna waliocheka. Kati yetu kulikuwa na kamarade anayesali siku ya tano, na tangu kikao kile hajarudi.

Nasema hivi: wote wawili, aliyemsifu na aliyemlaani, wamesimama juu ya historia ambayo haikuwa hivyo. Tuanze na ile ya sifa.

Jina lake lilikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837, katika ukoo wa wafanyabiashara wenye damu ya Kiarabu na ya Kiafrika. Hilo la Tippu Tip ni jina la utani. Wengine wanasema lilitoka kwenye mlio wa bunduki zake, wengine wanasema ni juu ya macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Alitafuta pembe za ndovu. Karibu na mwaka 1867 alimpiga Nsama, mfalme wa Watabwa, kule kusini ya ziwa Tanganyika, akamnyang’anya pembe nyingi sana, na tangu hapo jina lake likatangulia msafara wake. Mwishoni mwa maisha aliyaeleza yote hayo mwenyewe kwa Kiswahili, na Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Mwenye kuweza kuyapata ayasome. Ni mtu anayehesabu. Pembe anazihesabu kwa frasila, na watu waliozibeba wanapita haraka haraka katika maneno yake.

Sasa, usultani wake ulitoka wapi? Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu mimi naona hapa ndipo penye mafundisho kwa inchi yetu, kuliko hata pale kwenye vita.

Kulikuwa na mzee aliyeitwa Kasongo Rushie, akitawala Utetera, upande wa magharibi wa Lualaba. Tippu Tip alipata habari kwamba zamani, katika vita, ndugu wa kike wa ukoo ule walichukuliwa mateka na hawakurudi tena. Akaenda kwa mzee akasema: mmoja wa wale wanawake ndiye bibi yangu, aliyemzaa mama yangu. Mimi ni mjukuu wenu, nimerudi nyumbani. Mzee akafurahi, akamwachia utawala. Watu wakaanza kumletea pembe kama mfalme wao. Lakini ule ujukuu ulikuwa wa kutunga. Siyo adui yake aliyesema hivyo. Amesimulia mwenyewe, na ukimsoma unaona kabisa kwamba hakuona haya, aliona ni akili.

Yaani mtu anafika na bunduki na anataka mali. Bunduki peke yake haimtoshi, kwa sababu huwezi kumpiga kila mtu kila siku. Basi anatafuta ukoo. Anasema mimi ni wenu, damu yenu, nimekuja kuchukua kilicho changu. Mzee ambaye ndugu zake walipotea kweli anataka sana kuamini. Uchungu wa familia moja njo ulifungua mlango.

Sitaji mtu yeyote wa leo. Mko na macho.

Baada ya ukoo kilikuja cheo. Mwaka 1885 Leopold wa Pili wa Ubelgiji alitambuliwa na mataifa ya Ulaya kuwa mwenye Kongo, inchi ambayo hakuikanyaga hata siku moja. Shida yake ilikuwa kwamba upande wa mashariki hakuwa na nguvu. Mwaka 1886 watu wa Waarabu, kama walivyoitwa, walifukuza kituo chake cha Stanley Falls, pale Kisangani ya leo. Basi akafanya nini? Alimtuma Stanley, na mwaka 1887 kule Zanzibar wakapatana na Tippu Tip. Awe gavana wa Stanley Falls kwa jina la Leopold, apandishe ile bendera ya bluu yenye nyota ya dhahabu, azuie biashara ya watumwa katika sehemu ile, na alipwe pauni 30 kila mwezi. Akakubali. Akapanda meli moja na Stanley, wakazunguka Afrika kwa kusini mpaka mdomo wa mto Kongo, akapanda mto kwenda kazini.

Kwa hiyo kamarade aliyesema alipigana na Wabelgiji, samahani. Alikuwa mfanyakazi wa mfalme wa Wabelgiji, mwenye mshahara. Mwaka 1890 aliondoka Kongo kwenda pwani na hakurudi tena. Vita vilipowaka mwaka 1892, yeye alikuwa Zanzibar. Aliyepigana ni mwana wake, Sefu, ambaye alikufa vitani mwaka 1893. Alipigana Munie Mohara wa Nyangwe, akafa. Alipigana Rumaliza wa Ujiji mpaka akashindwa mwanzoni mwa 1894. Baba yake Sefu alikufa kwake Zanzibar, mzee mwenye mashamba. Nyumba yake ingali Shangani, Mji Mkongwe, na watalii wanapiga picha mlango.

Kimpa Vita walimchoma moto. Lumumba mnajua walichomfanya, na kilichorudi nyumbani ni jino. Mimi sioni namna ya kumsimamisha gavana wa Leopold katikati yao.

Sasa nije kwa yule mwingine, aliyemlaani. Kwamba utumwa ulikuwepo, hapo hakuna mjadala, na Mwislamu mwenye kusoma hawezi kuukataa, sawa na vile Mkristo hawezi kukataa meli zilizotoka Luanda. Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, kule Nyangwe, kando ya mto Lualaba, ilikuwa siku ya soko. Wengi waliokuwa pale walikuwa wanawake wenye kuuza. Watu wa wale wafanyabiashara wakaanza kufyatua bunduki ndani ya soko. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa, wakajitupa majini. Livingstone alikuwa pale akaona kwa macho yake. Aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Watu wale hawakuwa wa Tippu Tip, na siku ile yeye hakuwa Nyangwe. Lakini ilikuwa biashara ile ile na bunduki zile zile, na miaka michache baadaye yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote huko Maniema. Mama yeyote wa soko ya Virunga anajua namna watu wanavyokimbia risasi zikilia sokoni. Sina la kuongeza hapo.

Lakini “batukulu bake” ni nani?

Tuchukue wale walioitwa Waarabu wa Maniema. Waarabu wenyewe walikuwa wachache. Jeshi lao, wabebaji wao, wapishi, wake zao, walinzi wa vituo vyao, wengi walikuwa watu wa hapa hapa. Wengi walikamatwa wakiwa watoto, wakakulia ndani ya msafara, wakapewa jina jipya, wakafundishwa kusali na kusema Kiswahili. Halafu wakaanza kujiita wangwana, maana yake watu huru, wasio watumwa. Mtu anayeshika sana jina la “mimi siyo mtumwa”, jiulize juu ya nini analishika. Ndiyo maana Kiswahili chetu hiki tuliitwa tunasema Kingwana. Ni lugha iliyobebwa pamoja na pembe, na waliobeba pembe ndio walioibeba na lugha. Leo iko ndani ya Katiba, moja ya lugha nne za taifa, na mtu wa Kinshasa akikutania kwamba unasema lugha ya watumwa unaweza kumjibu bila aibu kwamba ni kweli, ni yao.

Ngongo Lutete, mkubwa wa vita wa upande wa Tippu Tip, inasemekana yeye mwenyewe aliwahi kuwa mtumwa. Mwaka 1892 alihamia upande wa Dhanis, kamanda wa Leopold, na bila watu wake sijui kama Nyangwe na Kasongo zingeanguka mwaka 1893. Mwaka ule ule maofisa wa Leopold wakamtuhumu uhaini wakampiga risasi. Askari wake walikasirika, na kifo chake ni moja ya mambo yaliyowasha uasi wa Luluabourg mwaka 1895. Pande zote mbili za vita ile, waliokufa kwa wingi walikuwa sisi.

Basi ukimwambia Mwislamu wa Goma au wa Kasongo kwamba babu yake aliuza babu yako, kuna uwezekano mkubwa kwamba babu yake ndiye aliyeuzwa. Wako aliponea porini, wa kwake alikamatwa. Halafu leo unamdai.

Na ule wimbo wa “Mwarabu muuza watumwa” tuliufundishwa na nani? Leopold aliuhitaji. Alimpa Tippu Tip mshahara mwaka 1887, halafu mwaka 1889 akakaribisha mkutano mkubwa wa kupinga utumwa Brussels, na mwaka 1892 askari wake wakaenda Maniema kuwakomboa watu. Waliokombolewa walikuta nini? Mpira. Vikapu vya mpira na kiboko. Kule Brussels, katika bustani ya Cinquantenaire, kuna mnara wa mwaka 1921 unaosifu jeshi la Ubelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mwenye kuuza watumwa. Miaka ya baadaye watu walilalamika, neno Mwarabu likafutwa, likarudishwa, likafutwa tena. Wabelgiji wanagombana juu ya neno moja katika jiwe. Sisi tunaligombana katika kartie, na hapa neno linaweza kumfikia mtu nyumbani kwake usiku.

Baada ya 1906, mkataba kati ya Leopold na Vatikani uliwapa wamisionari Wakatoliki ardhi na shule. Waislamu walibaki nje ya masomo yale miaka mingi, labda wakubali kubatizwa. Kwa hiyo hata ule utani wenu kwamba Waislamu hawakusoma uko na tarehe yake.

Nimesema neno linaweza kumfikia mtu nyumbani. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014 ADF wanachinja watu kule Beni. Wanajiita Waislamu, na nimesikia hapa Goma mtu akisema “ni bale bale ba Tippu Tip”. Mwezi wa 5 mwaka 2021 imamu mmoja aliyekuwa akihubiri kinyume cha ADF alipigwa risasi ndani ya msikiti mkubwa wa Beni, wakati wa sala ya jioni. Akafa. Yeye naye tumuweke upande gani wa ule wimbo? Harakati yetu imekataa bunduki tangu siku ya kwanza. Huyu mzee alisimama mbele ya bunduki na maneno tu.

Mapendekezo yangu ni matatu, na kikao ndicho kitakachoamua. Kwanza, sura ya Tippu Tip isichorwe. Kama tunataka Mwislamu ukutani, na mimi nataka, tuanze kwa kuuliza familia ya imamu yule kama inakubali. Pili, tuchore soko ya Nyangwe: akina mama, vikapu, mitumbwi, na tarehe. Bila bendera na bila kanzu, mto na wale mama wanatosha. Tatu, kamarade yule aliyesema yale maneno aende kwa mwenzake, siyo kwa simu, kwa miguu. Nimemuuliza kabla ya kikao, amekubali. Anataka mmoja wetu amsindikize. Mimi niko tayari, lakini afadhali aende na mtu ambaye hatatoa hotuba njiani.

Maswali sasa. Mama pale nyuma, anza wewe.