Kutoka Sinai hadi Entebbe



Toka uwanja wa ndege wa Sharm el-Sheikh, kwenye ncha ya Sinai, hadi Entebbe nchini Uganda ni takriban kilomita 3,100 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya mizigo aina ya Hercules huhitaji takriban saa sita. Makomando wa Israeli walitumia zaidi ya saa saba, kwani waliambaa chini juu ya Bahari ya Shamu kuikwepa rada. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 walitua, wakawachukua mateka wa ndege ya Ufaransa, wakaondoka kabla ya saa mbili kupita. Askari kadhaa wa Uganda waliuawa.

Kufika kuliwezekana. Kikwazo kilikuwa mafuta ya kurudia, nayo yalipatikana Nairobi, kiasi cha kilomita 520 tu kutoka Entebbe, mwendo wa saa moja hivi. Basi mlinzi wa Entebbe aliyeutegemea urefu wa njia ya Sinai, kwa maoni yetu, angekuwa amepima upande mmoja tu. Safari ile iliamuliwa na kiwanja cha jirani.