TUJUE SAA ZA MAJI

(Hotuba waliyosomewa wanachama wa kazi za gatini na mashuani, Mombasa)



Nimeombwa niseme juu ya kupwa na kujaa kwa maji. Labda wengine watauliza, "Sisi watu wa pwani utatufundisha nini?" Ni kweli, wazee wetu walijua bamvua na maji mafu kwa kuhesabu siku za mwezi, na elimu ile ni sahihi hata leo. Lakini kazi zetu hupangwa kwa jedwali la maji, na jedwali likisomwa vibaya laweza kumwua mtu.

Hesabu yenyewe ni hii. Toka maji kujaa hata kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Kwa hiyo kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, huja bamvua. Hapo Kilindini maji hupanda yapata mita 3. Siku za maji mafu hupanda mita 1 na kidogo tu.

Jambo la kwanza ni saa. Jedwali hufuata saa za Kizungu, zianzazo usiku wa manane. Likiandika 04:00, kwetu ni saa 10 alfajiri. Tofauti ni saa 6, na saa 6 ndizo zinazotenga maji kujaa na maji kupwa! Mtu akisoma siku ya bamvua kwamba maji yatajaa 04:00, naye akadhani ni saa 4 asubuhi, atapitisha mashua juu ya mwamba wakati maji yamekauka kabisa.

Jambo la pili, maji hayapandi sawasawa. Gawa kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Basi kwa saa 2 za katikati hupanda nusu nzima, yaani mita moja u nusu siku ya bamvua. Meli iliyofungwa gatini hupanda nayo. Kamba zisipolegezwa hukazika mpaka zikatike, na ngazi isipoangaliwa huenda ikaning'inia vibaya.

Jambo la tatu ni mkondo. Jedwali husema kimo tu. Halisemi maji yaenda wapi. Wenzetu waendao meli za Ulaya wameona vitabu vya ramani za mikondo. Kwa bahari ya Uingereza kila saa ina ukurasa wake: saa 6 kabla ya maji kujaa bandari ya Dover, saa yenyewe ya kujaa, na saa 6 baadaye. Mishale huonyesha njia ya mkondo. Penye 11,19, maana yake ni maili 1.1 za bahari kwa saa siku za maji mafu, na maili 1.9 siku za bamvua. Mashua yenye mwendo wa maili 4 ikikabili mkondo wa maili 3, kwa saa nzima itasogea maili 1 tu. Afadhali kungoja maji yageuke.

Tena kumbukeni, kitabu hakijui upepo wala mvua. Macho ya baharia bado yatakiwa.

Ndugu, haya si elimu ya manahodha peke yao. Yafaa tawi letu liombe waajiri wabandike jedwali katika kila gati, limeandikwa kwa saa zote mbili, za Kizungu na za Kiswahili. Na msimamizi akiwaambia mwende kwa saa ya hatari, msigombane naye. Mwonyesheni jedwali, kisha mleteni neno kwa katibu wa tawi. Mwenye hesabu mkononi husikilizwa kuliko mwenye kelele.