Uliza kwa Nambari, Si kwa Jina

Leo tunaingia ndani ya seva, hasa kwa ajili yenu mnaosomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Rongo na kile cha Tom Mboya.

Vituo vingi vya afya vya kaunti za Migori na Homa Bay huweka rekodi za wagonjwa kwenye KenyaEMR, mfumo unaotumia hifadhidata ya MySQL na ambao kwa kawaida husimikwa juu ya Linux. Programu yoyote ya humo ikifungua faili, kerneli huikabidhi nambari. Sifuri, moja na mbili kwa kawaida zina wenyewe tayari, kwa hivyo ya kwanza kupatikana huwa tatu. Ifikirie kama nambari ya foleni hospitalini: ina kazi kwenye dirisha lile tu. Tatu ya programu hii siyo tatu ya programu ile.

Ukitaka habari za faili uliyokwisha kuifungua, ita fstat: f, s, t, a, t. Utapewa ukubwa kwa baiti, mwenyewe, ruhusa, na wakati ilipobadilishwa mwisho, kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Utaambiwa pia ina majina mangapi. Jina lenyewe hutaambiwa, maana hilo hukaa kwenye saraka.

Na hapa ndipo fundi hukwama. Tuseme diski imejaa, akaona logi ya gigabaiti 20, akaifuta kwa rm. Anapima kwa df: nafasi haijarudi! Anapima kwa du: faili haipo. Nani mwongo? Hakuna. Amri ya rm imeondoa jina tu, na programu iliyoifungua faili hiyo bado imeshikilia nambari yake. Programu hiyo ikiita fstat sasa, majina ni sifuri, ukubwa ni gigabaiti 20 zilezile. Nafasi itarudi programu ikifunga nambari hiyo, au ikizimwa na kuwashwa upya.

Mimi ningefundisha jambo hili wiki ya kwanza, kwa sababu ya usalama pia. Wengi huuliza habari kwa jina, wakitumia stat, halafu ndipo wafungue. Katikati hapo mjanja anaweza kuweka faili nyingine chini ya jina lilelile. Fungua kwanza, kisha ita fstat. Ikikurudishia hasi moja na kosa la EBADF, nambari uliyoipa haijafunguliwa, au umeshaifunga mwenyewe mistari michache juu.