Watu Wazima Wenye Usonji Hawatajwi

Yaliyotangazwa Ikulu ya Marekani Septemba 22, 2025, kuhusu panadoli, ujauzito na usonji, wasikilizaji wameyasikia hadi yamewachosha. Shirika la Afya Duniani limekwisha kujibu kwamba ushahidi haujathibitisha uhusiano wa panadoli ya wakati wa ujauzito na usonji. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2024, uliohusu watoto karibu milioni 2.5, haukuuona pale ndugu wa tumbo moja walipolinganishwa. Hapo kituo hiki hakina la kuongeza.

Kinachokikera ni kingine. Wiki ile nzima walitajwa wajawazito, zilitajwa chanjo, walitajwa watoto. Watu wazima hawakutajwa.

Hawatajwi, ingawa mtu wa kwanza kutambuliwa kuwa na usonji alizeeka nao. Donald Triplett, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, ndiye mtoto wa kwanza katika makala ya Dakta Leo Kanner ya mwaka 1943. Alizaliwa 1933, zaidi ya miaka ishirini kabla ya Tylenol, panadoli ya Wamarekani, kufika madukani. Akawa karani wa benki, akaendesha gari, akacheza gofu, akazunguka nchi kwa nchi peke yake. Alifariki 2023 akiwa na miaka 89.

Triplett alijulikana mapema; wengi hawakujulikana. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 1980 uliuita usonji jambo la uchangani. Aliyesema vizuri na kufaulu mitihani hakutiliwa shaka; kundi lake, lililoitwa Asperger, liliingizwa mwongozoni mwaka 1994. Wakati huo mwimbaji wa Scotland Susan Boyle alikuwa na miaka 33, akiamini ubongo wake uliumia wakati wa kuzaliwa, kama alivyoambiwa. Alipimwa upya 2012, akapewa jibu sahihi, Asperger, na akasema limempa ahueni.

Huku kwetu wapo wanaojigundua kupitia watoto wao. Baba kampeleka mwanawe kliniki. Anaulizwa: huyu hupanga vizibo vya soda mstari mmoja, akalia kikisogezwa kimoja? Huziba masikio ngoma zikianza? Baba anajibu, jasho linamtoka, maana kila swali linamhusu na yeye. Miaka yote ameambiwa ana kiburi, hasalimii, harusini hukaa nje peke yake. Wengine wamesema karogwa.

Akitaka kupimwa yeye, aende wapi? Huduma za usonji zilizopo Dar es Salaam na Nairobi nyingi ziko katika shule za msingi na kliniki za watoto. Mtu mzima hatajwi hata kwenye kibao cha mlangoni.

England ina sheria ya mwaka 2009 inayoidai serikali mpango wa watu wazima wenye usonji. Foleni ya kupimwa, wakubwa kwa wadogo, imevuka watu 200,000, ilhali mwongozo wa afya wa huko unataka miadi ya kwanza ndani ya wiki 13. Aibu, naam. Lakini aliye kwenye foleni angalau amehesabiwa.

Wala maswali ya Wazungu yasibebwe yalivyo. Wapimaji wao huangalia kama mtu anamtazama mwenzake machoni. Pwani, kijana anayeinamisha macho mbele ya mzee ana adabu zake. Anayepima kwa Kiswahili lazima ajue hilo.

Basi wizara za afya, Dodoma na Nairobi, fungueni kliniki za watu wazima! Wafundisheni madaktari wa wilaya! Waajiri, anayeomba dawati mbali na kelele mpeni, msimsubirishe cheti! Na nyinyi wenye mama wazee, waulizeni sasa: nilianza kusema lini, nilicheza na nani, nilikataa chakula gani? Andikeni majibu kwenye daftari. Daktari atayahitaji, na kadi za kliniki za zamani ziliandika hasa uzito na chanjo.