Hotuba ya Mgeni Rasmi: Mafundi wa Kujitolea katika Kambi ya Vijana

Kambi ya Pasaka yenye vijana 100 ni kijiji kinachozaliwa Alhamisi Kuu na kuvunjwa Jumatatu. Wengine huiita mafungo, wengine kongamano. Kwa jina lolote lile, kijiji hicho kinahitaji moto wa kupikia, maji, vyoo, taa na mtu wa kuamka usiku wa manane kijana anapopandwa na homa. Hata hivyo kamati nyingi huanza kwa kutafuta wahubiri na kwaya, na swali la nani atapika huulizwa wiki ya mwisho. Hapo ndipo husemwa kwamba watu wa kujitolea hawapatikani.

Kwa kweli wapo. Katika usharika au mtaa wa kawaida hawakosekani fundi bomba, fundi umeme, seremala, dereva, muuguzi na mama lishe. Hawajitokezi kwa sababu tangazo la Jumapili huomba “watu wa kujitolea” bila kutaja kazi, na fundi mwenye shughuli zake hudhani wanatakiwa wasio na shughuli. Upareni na Uchagani, msaragambo (kazi ya pamoja) wa kuchimba mfereji uliwakusanya watu kwa kazi inayojulikana, na kila nyumba ilijua ilete jembe au panga. Tangazo la kambi linatakiwa kuwa wazi namna hiyo: anahitajika fundi umeme, Jumanne saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, kukagua soketi za mabweni mawili na kufunga taa nne za nje. Mtu akisikia hivyo anaweza kukubali au kukataa mara moja. Na ni vizuri zaidi mjumbe wa kamati amfuate fundi kijiweni kwake, wazungumze ana kwa ana.

Jikoni ndiko kunakohitaji uangalifu mkubwa kuliko kote. Kilo moja ya mchele hutosha watu watano au sita, hivyo mlo mmoja wa vijana 100 unakaribia kilo 20. Anayepika wali mtamu wa watu sita nyumbani si lazima aweze sufuria ya kilo 20, kwa maana kupima maji, kutawala moto wa kuni na kupalia makaa juu ya mfuniko bila kuunguza chini ni ujuzi wa mpishi wa shughuli. Huyo ndiye wa kutafutwa mapema, na vijana wenyewe wawe wasaidizi wake wa kuchambua maharage na kumenya vitunguu. Ikiwa ni mama lishe, kamati ikumbuke kwamba kibanda chake kikifungwa siku tano, nyumba yake inakosa mapato ya siku tano. Kumwomba siku mbili, kumlipia nauli na kumpangia mwenzake wa kumpokea ni haki yake.

Ndugu wazazi, walezi na wanakamati, maji nayo yana hesabu yake. Viwango vya Sphere, vinavyotumika katika huduma za dharura, vinataka walau lita 15 kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kwa kila watu 20. Vijana 100 wanahitaji lita 1,500 kila siku, kwa hiyo tangi moja la lita 1,000 halitoshi lisipojazwa tena. Fundi bomba aitwe wiki moja kabla, si siku ya kufungua kambi, kwani koki mbovu hugunduliwa maji yanapofunguliwa.

Fundi aliyejifunzia mtaani asidharauliwe kwa kukosa cheti. VETA yenyewe, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huwapima mafundi wa aina hiyo na kuutambua ujuzi wao. Umeme ni jambo jingine, maana unaua. Kazi hiyo apewe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Kwa afya, anayefaa ni muuguzi, au mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1962. Kabla ya safari apewe orodha ya vijana wenye pumu, kifafa au selimundu, na dereva wa zamu ya usiku awe ameshaijua njia ya kwenda kituo cha afya kilicho karibu.

Ujuzi pekee hautoshi kumfungulia mtu mlango wa bweni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na wanakambi wengi wako katika umri huo. Kila anayejitolea alete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na asiachwe peke yake na kijana mahali pa faragha, hata akiwa fundi anayeheshimiwa na wote.

Majina ya waliokuja, kazi walizofanya na siku wanazopatikana huandikwa katika daftari moja. Jumatatu jioni, sufuria za kuazima zikisharudishwa zikiwa zimesuguliwa, daftari hilo hukabidhiwa kamati ya mwaka unaofuata.