Mefiboshethi Alilelewa Katika Nyumba ya Wengine



Mefiboshethi alikuwa na miaka 5 habari ya kifo cha baba yake ilipofika. Mlezi wake akambeba na kukimbia. Mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili (2 Samweli 4:4). Akapokelewa Lo-debari, nyumbani mwa Makiri. Alipoitwa mbele ya Daudi alikuwa mtu mzima mwenye mtoto, lakini bado alijiona kama mbwa aliyekufa (2 Samweli 9:8).

Hapa Bukavu, watoto waliokimbia vita vya 1996 na kulelewa na watu wengine, leo ni baba na mama. Wako wasiopata usingizi. Wako wanaowaka hasira kwa neno dogo, au wanakimbilia pombe. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1998, uliouliza maelfu ya watu wazima, ulionyesha kwamba mateso yakizidi utotoni, huzuni nzito, ulevi na hata ugonjwa wa moyo huzidi ukubwani.

Basi tusikimbilie kusema, "Ana pepo." Daudi hakumkemea Mefiboshethi. Alimrudishia mashamba ya babu yake, akampa nafasi mezani pake siku zote.

Wewe uliyelelewa na wengine, kumweleza mchungaji au daktari maumivu yako si kukosa imani. Na wewe uliyepokea mtoto tangu mapigano ya Februari 2025, usimhesabie matonge ya bugali. Akae mezani pamoja na watoto wako, leo na kesho.

Mungu awabariki. Amina.